Macho Yangu Yalikuwa Darini

Mwalimu wetu wa darasa la jioni alitupa kazi ya mwezi mzima. Twende tukaone maonyesho matatu, mchezo wa kuigiza, filamu na tamasha la muziki, kisha tuandike kila kimoja kilitugusa vipi.

"Msinisimulie hadithi yote mwanzo mpaka mwisho," alisema. "Nataka kujua moyo wako ulikuwaje ulipokuwa umekaa pale."

Wenzangu walilalamika. Muuza vitambaa anayekaa mbele yangu akasema moyo wake ukikaa saa mbili mahali pamoja unasinzia. Mimi sikulalamika, maana viti vya bure nilikuwa navyo. Mume wangu ni fundi wa taa kwenye ukumbi wa mjini, na familia za mafundi hupewa viti vya pembeni, nyuma ya nguzo, ambavyo hakuna anayevitaka. Ukikaa pale unaona nusu ya jukwaa. Lakini dari unaiona yote.

Na kusema kweli, mimi nilikuwa nikiitaka dari.

Mume wangu wenzake kazini wanamwita Popo, kwa sababu maisha yake yako juu na gizani. Chini ya paa la ukumbi kuna njia nyembamba ya mbao, wenyewe wanaiita daraja, inayokatiza juu ya jukwaa na safu za mbele. Taa za ukumbi ule ni za zamani, zinageuzwa kwa mkono. Popo husubiri kwenye kichwa cha ngazi mpaka ukumbi uzimwe, ili watu wasione miguu yake kupitia mbao. Kisha hutembea gizani, amevaa soksi tu asitoe kishindo, mpaka kwenye taa ya kwanza. Kurunzi haruhusiwi kuiwasha, isipokuwa mara mbili, ameifumba kwa vidole, kumwambia mkuu wa jukwaa kwamba yupo tayari. Nukta mbili za mwanga. Miaka minne amefanya kazi hiyo na hajawahi kukosea.

Miezi mitano iliyopita macho yake yalianza kumtupa gizani.

Mchana anaona kama wewe na mimi. Anasoma hata yale maandishi ya sisimizi kwenye kopo la maziwa ya mtoto. Mwanga ukipungua tu, basi. Nililijua hilo jioni moja umeme ulipokatika. Binti yetu, Bonge, ambaye wakati ule alikuwa na mwaka na miezi mitatu, alikuwa amekaa sakafuni akipiga sufuria yake na mwiko, kisha akachoka akanyamaza. Mimi nilimwona vizuri kabisa kwa ule mwanga wa dirishani. Baba yake akaja moja kwa moja, akainua mguu juu ya mkono wa mtoto. Nilimsukuma kwa nguvu zangu zote.

"Humwoni mtoto?"

"Kwani yuko wapi?" akauliza.

Alikuwa anamtazama.

Tulikaa kitandani tukiwa tumeshikana mikono kama watoto waliovunja chungu. Akaniambia yote. Kule juu hakuwa akiona kitu, hata kiganja chake mwenyewe. Alikuwa amehesabu mbao. Kumi na moja kutoka ngazini hadi taa ya kwanza, nne hadi ya pili, saba hadi ya tatu. Nyayo zake zilikuwa zinajua kila msumari.

"Nenda kamwone daktari wa macho," nikamwambia.

"Nitakwenda. Ila kazini usimwambie mtu, mama Bonge. Hata dada yangu. Unakumbuka yule fundi aliyenitangulia? Goti lilipomsumbua walimwambia akapumzike kidogo nyumbani. Mpaka leo anapumzika."

Nikaapa. Tangu siku ile nikawa naishi roho juu juu.

Mchezo wa kuigiza ulikuwa Jumamosi saa tisa alasiri. Nilimbeba Bonge mgongoni. Mlangoni alisimama mkuu wa jukwaa, mama mfupi mwenye furushi la funguo kiunoni, ambaye akikohoa tu mafundi wote wanajipanga.

"Mtazamaji wangu mdogo kuliko wote!" akasema akimfinya Bonge shavu. "Huyu akilia, namtoa yeye, wewe nakuacha."

"Halii, Mama. Ameshiba."

"Hata wakubwa hushiba na bado wanakohoa katikati ya maneno ya watu."

Mchezo ulihusu mama mmoja mwenye sanduku ambalo watoto wake wanamwomba alifungue. Watu walicheka mpaka wakafuta machozi. Mimi naweza kukuambia kwamba mama yule alivaa viatu vyekundu, kwa sababu ni miguu tu niliyoiona nilipoteremsha macho. Ukumbi ulipozimwa nilitafuta nukta mbili juu ya ngazi. Moja. Mbili. Kisha giza likafunga. Nikaanza kuhesabu kwa kunong'ona kwenye nywele za Bonge, na nilipofika kumi na moja, taa ya kwanza ikageuka polepole ikamwangukia mama mwenye sanduku. Nikashusha pumzi. Halafu nne. Halafu saba. Ukumbi mzima unamlilia mama wa kuigiza, mimi kwapa limelowa kwa ajili ya mwanamume mwenye soksi.

Niliandika kurasa tatu. Mwalimu alizirudisha na alama ya kuuliza kubwa kama ndoano.

"Umeandika dari," akasema. "Vumbi la dari, mbao za dari, kivuli cha dari. Mchezo uko wapi?"

"Mwalimu, nilikaa nyuma ya nguzo."

Darasa likaangua kicheko. Yeye hakucheka. "Basi filamu iandike ukiwa mbele ya nguzo," akasema kwa upole.

Filamu ikaja wiki mbili baadaye, tena mchana. Siku ya filamu Popo hana kazi nyingi. Huteremsha kitambaa kikubwa cheupe, kisha hukaa juu mpaka mwisho, akingoja kukipandisha. Nikajipa moyo kwamba leo nitatazama. Na nilitazama, karibu nusu saa. Ilikuwa ya mwanamke anayefua nguo za hoteli, akikuta barua kwenye mfuko wa koti la mgeni. Nilikuwa nimeanza kumpenda, nikitaka kujua ataisoma au hataisoma.

Ndipo kitu kikapita hewani karibu na sikio langu.

Hakikulia sana. Kiliangukia kwenye kiti kitupu cha mbele yangu, kikadunda kwenye mto wa kiti, kikatulia. Mzee aliyekaa viti viwili kutoka pale aligeuka, akafikiri ni Bonge amerusha kitu, akatabasamu, akarudi kwenye filamu yake. Nikanyoosha mkono. Lilikuwa koleo la chuma la kubania nyaya, zito, mpini wake umefungwa utepe wa bluu niliouzungushia mimi mwenyewe mezani kwetu.

Nikapima kwa macho. Kutoka kile kiti hadi kichwa cha mzee. Kutoka kile kiti hadi utosi wa Bonge, ambao bado ni laini nikiubusu. Mwanamke wa kwenye filamu aliisoma barua au hakuisoma, mimi sikujua tena. Nilimfunika mwanangu kichwa kwa viganja vyote viwili mpaka taa zikawaka.

Nyumbani nililiweka koleo mezani, katikati ya sahani zetu.

"Hii ni nini?"

Popo aliligusa, akavuta mkono kama limemuunguza. "Nilidhani nimeliacha kwenye kisanduku."

"Lilikuwa kwenye kiti cha mbele yangu."

"Kulikuwa na mtu?"

"Hapakuwa na mtu. Mimi na mwanao ndio tulikuwa nyuma yake."

Akasukuma sahani yake mbele. Bonge akachukua nafasi hiyo kula chakula cha baba yake. "Nililiweka juu ya kitu nilichodhani ni ubao," Popo akasema. "Hakikuwa ubao. Sikiliza. Tamasha la Jumapili ijayo likiisha, Jumatatu asubuhi naenda kwa mkuu mwenyewe, namwambia. Wageni wanakuja, siwezi kumwacha peke yake wiki hii. Jumatatu."

"Kwa nini si kesho?"

"Jumatatu, mke wangu. Nimekuomba."

Na mimi, kwa huruma au kwa woga, sijui kipi kilikuwa kikubwa, nikakubali Jumatatu. Hilo ndilo kosa langu, na naliandika hapa kwa mkono wangu. Nilijua chuma kinaanguka, nikakubali kungoja zaidi ya wiki nzima.

Jumapili nilikwenda na wifi yangu, mdogo wake Popo, mshona nguo asiyejua kunong'ona. Hakujua lolote. Alimpakata Bonge, akanitazama nilivyokaa na shingo nimeikunja nyuma.

"Wewe umekuja kusikiliza muziki au kukagua ujenzi?"

"Naangalia taa."

"Mume unaye nyumbani kila siku, bado unakuja kumtafuta darini! Mapenzi gani hayo, wifi? Mwenzako hata uso wa wangu nimeshausahau."

Nikacheka ili asiendelee. Ilikuwa alasiri, jua kali nje, lakini madirisha yalizibwa kwa mapazia meusi mazito. Sehemu ya kwanza ilipita salama. Nukta mbili. Kumi na moja, nne, saba. Kijana wa zeze alipiga kitu cha huzuni hata wifi akaacha kutafuna. Nikasema moyoni, imebaki sehemu moja tu, kisha Jumatatu.

Wakati wa mapumziko taa zote ziliwashwa, na watu wakatoka kununua soda. Mimi nilibaki, kwa mazoea, nikitazama juu. Wageni, wale wafanyakazi waliokuja na mwimbaji mkuu, walikuwa wamepanda darajani na minyororo. Walikuwa wakining'iniza picha yake kubwa ya kitambaa. Nikaona mmoja anainama, anainua ubao, anaupitisha kwa mwenzake. Akainua na wa pili. Mnyororo ukashuka katika ile nafasi. Wakafunga utepe mweupe kila upande, wakapangusa mikono, wakashuka kwa ngazi ya upande wa pili.

Mbao mbili hazikurudishwa.

Nilihesabu kutoka ngazini kwa kidole. Nikahesabu tena kwa sababu sikutaka iwe kweli. Pengo lilikuwa kati ya taa ya kwanza na ya pili, kwenye ubao wa kumi na tatu na wa kumi na nne. Kwa mtu anayeona hata kidogo, utepe mweupe ulitosha. Popo alikuwa chini, chumba cha nyuma, akinywa chai yake ya mapumziko kama kawaida.

"Shika mtoto," nikamwambia wifi.

"Si nimemshika? Unakwenda wapi, wanaanza!"

Nikapita kwenye magoti ya watu wanaorudi na soda zao, samahani, samahani, mpaka mlango mdogo wa kando ya jukwaa. Mlinzi wa mlango alinyoosha mkono.

"Dada, rudi kitini, taa zinazimwa."

"Nina shida na mkuu wa jukwaa. Sasa hivi."

"Kila mtu ana shida na mkuu wa jukwaa. Baada ya onyesho."

"Kaka, nakuomba, mume wangu ni fundi huko..."

"Na mimi nafanya kazi hapa. Ukipita, kesho wananiuliza mimi."

Ukumbi ukazimwa.

Nikageuka pale pale mlangoni, mgongo ukutani. Juu, kwenye kichwa cha ngazi, nukta moja ya mwanga. Nukta ya pili. Nipo, niko tayari.

Mwimbaji akaanza bila ala yoyote, sauti tupu, chini kabisa, kama mtu anayembembeleza mgonjwa. Watu mia tatu walikuwa wameshika pumzi. Nami nikaanza kuhesabu. Moja. Mbili. Nikimwita, siri yake yote naimwaga mbele ya mkuu wake, wageni na mji mzima. Tano. Sita. Nilikuwa nimeapa kitandani, mkono wangu ndani ya mkono wake. Tisa. Labda wamemwambia. Labda leo ataburuza mguu badala ya kupiga hatua. Kumi na moja. Taa ya kwanza ikageuka, taratibu, vizuri kama kawaida yake, ikamkalia mwimbaji usoni. Ikatulia. Maana yake ameiachia. Maana yake amegeuka.

Kumi na mbili.

"Popo! Simama hapo hapo! Usiinue mguu! Mbele hakuna mbao!"

Sikujua kwamba kifuani mwangu mna sauti ya namna ile. Mwimbaji alikatiza wimbo katikati ya neno. Mtu mmoja akapiga kelele, "Popo? Wapi?" na nusu ya safu ya mbele wakajifunika nywele kwa mikono. Wengine wakacheka. Bonge akaanza kulia gizani, na sauti ya wifi ikasikika juu ya wote, "Huyo ni wifi yangu! Jamani amepatwa na nini?"

"Taa za ukumbi!" Sauti ya mkuu wa jukwaa. "Zote!"

Zikawaka. Watu wakatazama nilikokuwa nikitazama mimi mwezi mzima.

Alikuwa amechuchumaa juu ya daraja, mikono yote miwili imeng'ang'ania waya wa pembeni. Mguu wake mmoja ulikuwa juu ya ubao. Wa pili, wenye soksi ya kijivu, ulikuwa unaning'inia ndani ya pengo, hauna kitu chini yake isipokuwa kichwa cha mwimbaji.

Kicheko kilikufa. Mwimbaji alitazama ile soksi, akasogea hatua mbili nyuma, akasema ndani ya kipaza sauti, kwa utulivu kama yuko jikoni kwake, "Kaka, rudi taratibu. Sisi tutakungoja."

Na watu mia tatu wakamngoja. Alirudi kwa magoti. Nilihesabu kila ubao.

Chumba cha mkuu wa jukwaa kina viti viwili, sote tulisimama. Muziki ulikuwa umeendelea, taa ya kwanza ikiwa imeachwa palepale ilipo. Mama yule alifunga mlango.

"Utepe mweupe ulikuwepo," akamwambia Popo. "Nimeuona mwenyewe kutoka chini. Wewe uko hatua moja kutoka kwake hukuuona. Kwa nini?"

Popo akatazama soksi zake.

"Haoni gizani," nikasema. "Miezi mitano sasa."

Alinigeukia mume wangu. Nimewahi kumwona amekasirika, lakini uso ule sikuujua. Mama naye akakaa, polepole, kama mtu aliyetwishwa mzigo ghafla.

"Miezi mitano unaning'iniza vyuma juu ya vichwa vya watu. Juu ya kichwa cha mwanao, Popo, ambaye mimi mwenyewe namfungulia mlango. Ungedondoka, ungedondoka juu ya yule binti anayeimba." Furushi la funguo lilikuwa linatetemeka kiunoni mwake. "Ningewaambia nini watu?"

"Ningekuambia kesho, Mama," Popo akasema. "Kesho asubuhi."

"Kesho asubuhi!"

Nikatoa koleo kwenye mkoba, nikaliweka mezani pake. Kama ni kusema, basi niseme yote. Nikamwambia siku liliyoanguka na mahali lilipoangukia, na kwamba mimi pia nilikubali kungoja. Alilishika, akalipima mkononi, akalirudisha mezani bila kelele.

"Ngazi ile hupandi tena," akamwambia Popo. "Kesho unakwenda kwa daktari wa macho, unaniletea karatasi yake. Ile meza ya kuwashia taa huku chini ina mwanga wake. Sikuahidi. Nasema ina mwanga wake. Karatasi kwanza."

Tulirudi nyumbani kwa miguu, jua likizama. Wifi alitembea mbele yetu, amenuna. "Mimi dada yake, kula nakula kwao, kulia nalia kwao, na siambiwi," alisema mara moja tu, bila kugeuka, kisha akachukua njia ya kwake bila kuaga. Popo alimbeba Bonge. Hakunitazama njia nzima. Nilikuwa nimemwokoa na nimemvua nguo hadharani, kwa sauti ileile moja, na sikujua lipi kati ya hayo mawili atalala nalo.

Tukafika kwenye jengo letu. Ngazi zetu hazina taa; balbu iliungua zamani na kila mpangaji anamngoja mwenzake. Kwa kawaida Popo hupanda wa kwanza, haraka haraka, na sasa ninajua alikuwa akihesabu kimoyomoyo. Leo alisimama chini. Giza la pale lilikuwa zito kiasi kwamba hata mimi nilimwona nusunusu.

"Chukua mtoto," akasema.

Nikamchukua. Akatafuta bega langu kwa mkono, akalikosa, akalipata. Vidole vyake vilikuwa baridi.

"Daktari akisema hayaponi?" akauliza.

Nikamhamishia Bonge upande wa pili. "Hajasema bado," nikamwambia. "Kesho nakwenda nawe. Darasani nitaomba ruhusa."

"Umepiga kelele kama mama wa sokoni."

"Nimepiga."

"Nilikuwa nimeshainua mguu." Akapapasa ngazi ya kwanza kwa mguu. "Haya. Moja."

"Moja," nikasema, tukapanda.

"Mbii," akasema Bonge, ambaye hajui namba nyingine.

"Mbili."

"Mbii."

"Tatu."

"Mbii!"

Mkono ule haukuondoka begani mwangu mpaka mlangoni.